Badilisha Mpira

Jumatatu, 4 Machi

Leo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amenisalimia "mambo". Mambo! Mbele ya makarani wawili na mpika chai. Mtu niliyemzidi miaka kumi na miwili. Mtu niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe katika kampuni hii ya magodoro, akapewa kiti cha mauzo chenye magurudumu, na mimi mtunza ghala nimebaki na stuli yangu. Nikamwuliza shikamoo yake ameisahau wapi. Akacheka. Akasema shemeji, tuko kazini, hapa sote vijana.

Hasira hasara. Nalijua hilo, nililijua hata nilipokuwa nafungua mdomo. Jumamosi ni siku ya michezo ya kampuni, kwenye uwanja wa bunduki za rangi, zile zinazofyatua mipira midogo ya rangi badala ya risasi. Nikatangaza hapo hapo: kila mtu mipira kumi, ndoo moja, hatua ishirini. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi, mwaka mzima, kwa sauti ya kusikika. Makarani wakapiga makofi. Bwana Mdogo (ndivyo tunavyomwita nyumbani) akasema sawa tu.

Masikini, hajui kwamba nina bunduki yangu mwenyewe. Yaani nimeipata jioni hii, kwa bwana mmoja anayeacha mchezo kwa sababu ya magoti. Mtu mwaminifu sana. Hata hakutaka nipoteze muda kuijaribu.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi uani. Ndoo ukutani, hatua ishirini. Mpira wa kwanza: ukuta. Wa pili: shuka la jirani. Wa tatu ulitoka mtutuni ukadondoka juu ya kandambili yangu. Wa nne sijui ulikokwenda, ila mbwa wa jirani anajua. Ndoo haina hata doa.

Nikaipeleka bunduki uwanjani kwa fundi. Mama mmoja, miwani juu ya paji la uso, haongei sana. Akaifyatua mbele ya mashine ya kupima mwendo. Futi 190 kwa sekunde. Halafu 305. Halafu 240, kila mpira na mwendo wake. Akaniuliza kama niliinunua au niliiokota.

Kisha, mikono yake ikiwa ndani ya bunduki ya mtu mwingine, akatoa hukumu: mpira umekwisha, nibadilishe mpira. Na mtutu umejaa uchafu, nisafishe huo kwanza kabla ya jambo lolote. Akasema nisubiri kidogo anionyeshe. Anionyeshe nini? Mpira umekwisha, badilisha mpira. Nimetunza ghala miaka kumi na sita, naelewa Kiswahili. Nikaaga.

Jumatano, 6 Machi

Nimebadilisha mipira. Nimepata mfuko mzima, masalio ya mwaka jana, muuzaji karibu anishukuru kwa kuuondoa. Kasoro moja tu: imesinyaa. Niliutia mmoja kwenye mtutu, nikaielekeza bunduki chini, ukajitokea wenyewe polepole ukaenda zake chini ya kabati.

Lakini akili ni nywele. Maharage makavu hufanywaje? Hulowekwa! Nikailoweka mipira yote katika sufuria kubwa ya mke wangu, nikaenda kazini kifua mbele. Niliporudi ilikuwa imenenepa kweli. Ilikuwa imenenepa, ikaelewana, ikawa mpira mmoja. Wa rangi ya chungwa. Sufuria nayo ya chungwa. Mke wangu akaniuliza, kwa upole unaotisha, kama chakula cha leo nacho nakipenda cha rangi hiyo.

Mitatu ilinusurika. Mmoja ukapasukia ndani ya mtutu. Kuhusu kusafisha mtutu: kitu ambacho kitachafuka tena, unakisafisha ili iweje?

Alhamisi, 7 Machi

Nilimpigia fundi simu asubuhi kumpa habari njema kwamba mipira nimeshabadilisha. Akasema si hiyo. Akasema mpira wa ndani, unaozuia hewa. Kulikuwa na kelele za mashine, lakini mimi masikio yangu ni mazima: mpira wa hewa. Angesema tangu mwanzo! Nikanunua mpira mpya, ule mrefu unaotoa hewa kwenye mtungi kuipeleka kwenye bunduki. Nikaufunga mwenyewe kwa koleo. Baada ya kazi nikaenda uwanjani kupima. 185. Halafu 310.

Fundi akashusha miwani machoni. Akafungua bunduki, akachomoa kitu cheusi, cha duara, kisichozidi kifungo cha shati. Kimechanika upande mmoja. Akakiinua mbele ya pua yangu, akasema neno moja: mpira.

Sasa mimi kosa langu liko wapi? Wanachocheza watu uwanjani ni mpira. Kinachomwagilia bustani ni mpira. Tunachofyatua ni mpira. Na hiki kipete nacho ni mpira! Lugha nzima imekaa kunisubiri mimi. Tena hana kingine, vitaletwa wiki ijayo. Akakirudisha mahali pake. Wakati natoka akanikumbusha mtutu. Huyu mama na mtutu wake.

Usingizi leo sijui. Naiona Jumatatu inakuja, makarani wamejipanga, na mimi mtu mzima nainamisha kichwa mbele ya mtoto niliyemfundisha kufunga tai.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu si Athumani!

Saa tatu asubuhi Bwana Mdogo kaja ghalani na bunduki yake, aliyoazimwa na rafiki yake. Droo yake haifungi, anaomba nimtunzie mpaka kesho kwa kuwa ufunguo wa ghala ni mimi peke yangu ninao. Akaongeza kwamba kwangu hana wasiwasi. Nikaitazama. Aina ile ile ya kwangu!

Saa ya chakula nikaifuata ya kwangu nyumbani, nikajifungia na zote mbili katikati ya magodoro ya sita kwa sita. Skrubu tano hapa, tano pale. Kipete chake kizima kikaingia kwangu, changu kilichochanika kikaingia kwake. Dhamiri ilinisuta, sikatai. Dakika tatu hivi. Nikanywa chai ikapita.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa sababu hakuna anayeongea na mimi.

Watu wote walikuwepo: Meneja, makarani, mpika chai, mke wangu katika gauni lake zuri. Nikashika bunduki yangu, moyo mweupe. Ndipo Bwana Mdogo akasimama mbele ya watu akasema ana neno. Akasema dada yake amemsimulia wiki yangu yote, shuka la jirani, sufuria, mpira wa hewa. Akasema kumshinda mtu ambaye bunduki yake inaumwa si ushindi. Kwa hiyo nichukue yake, nzima, ameijaribu mwenyewe Alhamisi. Yeye atahangaika na yangu.

Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena, kwa ukali kidogo. Meneja akasema hajawahi kuona shemeji mwenye adabu hivi. Mpika chai alifuta macho. Mke wangu akanitazama, na jicho lile nalijua. Ningesema nini? Kwamba bunduki yake mbovu? Nimejuaje?

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Yeye, kabla ya kufyatua, akapitisha kitambaa ndani ya mtutu wangu. Kikatoka na uji wa chungwa wa kutosha kupaka mlango. Fundi akampigia makofi. Halafu akapiga ndoo mara tisa.

Mimi: wa kwanza ulianguka hatua tatu mbele yangu. Wa pili ulivuka ndoo, uzio na adabu, ukatua kwenye soda ya Meneja. Wa saba uligusa ndoo bila kupasuka, nikashangilia, fundi akasema usiopasuka hauhesabiwi. Jumla: sifuri.

Nikadai bunduki ikaguliwe. Kwa nini? Kwa nini mdomo huu haukai kimya? Fundi akaifungua, akachomoa kipete, akakigeuza kwenye mwanga. Akasema huyu anamfahamu, walionana Alhamisi, ila siku ile alikuwa anakaa kwenye bunduki ya bwana huyu. Akaninyooshea kidole. Kisha macho yote yakahamia kwenye ufunguo wa ghala uliokuwa unaning'inia kiunoni pangu. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaenda kukaa na mpika chai.

Bwana Mdogo hakucheka. Hilo ndilo lililonichoma. Angecheka ningepata pa kuanzia ugomvi. Akasema yaishe, shemeji, ulikuwa utani tu, shikamoo ya nini. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka miguuni. Lakini mke wangu kule alikokaa akasema ahadi ni deni.

Nikasema shikamoo. Akatazama chini. Akajibu marahaba kwa sauti ndogo, na sidhani kama aliifurahia hata kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Nilijificha nyuma ya magodoro ya watoto mpaka saa nne. Akaja kuchukua mzigo. Shikamoo. Mpika chai akadai hakusikia vizuri. Shikamoo!

Siku mia tatu na sitini na tatu zimebaki.

Hata hivyo nimekaa, nimetafakari, na nimejifunza jambo kubwa. Tatizo halikuwa mimi. Tatizo lilikuwa mpira. Ninachohitaji ni mchezo usio na mpira wa aina yoyote. Kwa hiyo saa saba mchana nimemtangazia Bwana Mdogo, mbele ya makarani wale wale: upinde na mishale, mwisho wa mwezi. Nikishinda, mwaka unafutwa na ananipa shikamoo mbili kila asubuhi. Nikishindwa, miaka miwili. Akaniuliza mara tatu kama nina uhakika.

Upinde nimeshaupata, kwa bwana mmoja anayeacha mchezo kwa sababu ya bega. Mtu mwaminifu sana. Amesema una kasoro ndogo tu, nibadilishe kamba. Alitaka nisubiri kidogo anionyeshe ni ipi. Nikamwambia asijisumbue, naelewa Kiswahili.