Gata za Kanisa na Bango Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ndefu inakaribia. Msimu wangu! Maji ya kisima hapa mtaani Free Area yana madini yanayoharibu meno, kwa hivyo kila nyumba hukinga ya paa, na hakuna anayetaka kunywa kinyesi cha ndege. Lazima gata, ile mifereji ya paani, zisafishwe. Msafishaji ni mimi. Wateja hadi sasa: hakuna.

Chesang, mke wangu, amesema kwa upole (upole wake ndio hunitisha) kwamba mvua ikianza kabla sijapata kazi, nitakwenda Subukia kukamua ng'ombe wa kaka yake, Kiprugut. Mwanamume mzima nikae ukweni, niamshwe na shemeji! Afadhali nianguke paani.

Nimebandika matangazo kwenye nguzo zote za stima. Biashara ni matangazo.

Jumanne, 4 Machi

Mbuzi wa mtaa wamekula matangazo. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ugali. Mmoja alinitazama huku akitafuna namba yangu ya simu.

Jepleting, mshindani wangu, akapita na ngazi yake ya alumini. Akauliza kama mbuzi wameshapiga simu. Ngazi yangu ni ya mbao.

Jumatano, 5 Machi

Maombi ya mvua kanisani. Waumini wote walimlilia Mungu afungue mbingu. Mimi peke yangu nilimwomba angoje kidogo.

Wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikaeleza jinsi Bwana alivyoniponya tumbo la kuendesha lililoletwa na gata chafu, kisha akanipa karama ya kuzisafisha. Namba ya simu niliitaja mara mbili. Amina zilisikika hadi barabarani.

Mchungaji Kipyegon akasema ameguswa. Akasema kazi ya kwanza ya msimu ni malimbuko, na malimbuko ni ya Bwana, kwa hivyo nianze na gata za kanisa. Bure. Kanisa zima likapiga makofi. Nani hukataa kutoa malimbuko mbele ya watu? Nikapiga makofi pia.

Ijumaa, 7 Machi

Paa la kanisa halina mwisho. Mgongo sina tena. Lakini akili ninayo: nimetundika bango la kitambaa kwenye gata, juu kabisa ya mlango. GATA HIZI ZIMESAFISHWA NA KIPCHIRCHIR, na namba chini yake. Mchungaji akauliza tangu lini malimbuko yakatangazwa. Nikamjibu kwamba hata hekalu lilijulikana kuwa la Sulemani.

Kamba ilipungua. Upande mmoja nimeubana kwa jiwe. Jiwe zuri, zito.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imenyesha. Mungu amewasikiliza wao.

Upepo uliangusha jiwe, bango likajikunja ndani ya gata na kuiziba. Maji ya paa lote yakamwagika mlangoni wakati kwaya ya akina mama ikiingia na sare mpya. Chesang huimba kwaya hiyo.

Jepleting, ambaye hata hasali kwetu, akaitwa. Akapanda, akachomoa bango, akalikunjua polepole mpaka watu wote wakasoma. Mama Jepkemei wa kwaya, akikamua sketi yake, akasema, "Sawa boss, angalau sasa namba yako tuko nayo."

Simu imelia mchana kutwa. Si wateja, ni wenye sare. Wateja wote amewachukua Jepleting, na alikuwa hajatangaza chochote.

Chesang hakunigombeza. Mpaka asubuhi alikuwa bado ananitetea kwa wenzake. Sasa amenifungia begi, akatia na gambuti za zizini. Nimeona aibu hadi nikaenda kulia bafuni.

Jumatano, 12 Machi. Subukia

Shemeji aliniamsha kabla ya jogoo. Ng'ombe akanipiga teke, maziwa yakamwagika. Kiprugut akasema ng'ombe humjua mtu asiye na kazi.

Lakini nikiwa pale chini nilitazama vizuri. Matope kila mahali. Kwato zimejaa uchafu, nyingine zinaoza, na bonde zima halina mtu wa kuzisafisha msimu huu wa mvua! Sijawahi kusafisha kwato, ila nimeanza kuzizoea.

Nimemuuliza Kiprugut kanisa la huku lina ushuhuda lini. Ni kesho. Nitakaa mbele. Mchungaji wa huku hanijui.