Noemí Iturralde na Foleni Iliyoruka Watu

Njooni mlio na masikio, na asiye nayo aazime kwa jirani, niwasimulie vita vya Noemí Iturralde, simba jike wa mji wa Rosario kule Argentina, aliyepigana asubuhi nzima na adui asiyeonekana wala kunusika.

Noemí alikuwa ameunda darasa, maana ndivyo mafundi wa programu waitavyo ramani ya kuundia vitu, na darasa lake lilikusanya majina ya wagonjwa wa zahanati ya mtaa na kuyapitia moja moja. Lakini kila mgonjwa aliyejitoa alipofutwa, aliyemfuata hakuitwa. Bibi Herminia, jirani wa mamake Noemí, alikwisha kurukwa mara mbili, na goti lake limevimba. Mkuu wa kazi akaapa kwamba darasa hilo lisipopona kabla ya chakula cha mchana, atalitupa. Noemí aliona haya hata hamu ya kula ikamtoka.

Ndipo Ubaldo, bwana wa birika pale ofisini, akazungusha kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwao, kama ilivyo ada, mrija mmoja kwa vinywa vyote. Na sheria ya kibuyu haivunjwi: akirudishaye kwa kusema asante amejitoa. Fermín wa kiti cha pili akasema asante, akaondoka. Wenzake wakasogea kuziba pengo, Delfina wa tatu akawa wa pili. Ubaldo akapeleka kibuyu kiti cha tatu.

"We Ubaldo, mimi umeniona ukuta?" akauliza Delfina.

"Si umehama mwenyewe? Nimetoka cha pili, nimekwenda cha tatu. Kosa langu lipi?"

Noemí, mwenye kiti cha kwanza, akasimama juu yake.

"Enyi wana wa kibuyu, adui nimemwona! Mtu akitoka wengine husogea, nasi twahesabu viti. Tangu leo darasa langu litapitia nakala ya foleni, asikosogea mtu. Atokaye na atoke kwenye foleni yenyewe."

"Hotuba nzuri, mwanangu. Sasa kibuyu changu kiko wapi?" akasema Delfina.

Noemí akaandika mstari mmoja, akajaribu. Wa kwanza akafutwa, na skrini ikamwita Herminia. Ofisi nzima ikapiga makofi, mkuu naye. Ubaldo akamtangulizia shujaa kibuyu, naye Noemí akanywa, na kwa furaha iliyomzidi akasema, "Asante."

Sheria ni sheria. Ubaldo akakipokea, safari hii akitazama nyuso, akampa Delfina.

Na iandikwe katika tarehe za Rosario: siku ile shujaa alijitoa mwenyewe, na aliyemfuata hakurukwa.