Ekseli ya Marehemu Kuzman

Gligor wa mtaa wa stesheni, mjini Bitola, alikasirika sana mtu akimwita mwizi. Mwizi huvunja kufuli, na hiyo ni kazi ya mikono. Yeye alikula kwa mdomo wake.

Asubuhi moja ya Septemba, mji mzima ukinuka pilipili za kuchoma, alikuwa akipita zake vichochoroni na kigari chake cheupe alipoona gari chini ya mzabibu katika ua wa Dafina, mjane wa Kuzman. Lilikuwa gari la Kijerumani, refu, la buluu, viti vya ngozi, na kwenye kioo cha mbele karatasi: LINAUZWA. Gligor alivua kofia kama mtu aliyefika mbele ya sanamu ya mtakatifu.

Mfukoni alikuwa na donge la udongo wa kufinyangia, zito kama jiwe, na donge hilo ndilo lililokuwa shamba lake na mifugo yake. Alijua kuinama akijifanya anakagua gari la mtu, na kulibandika upande wa ndani wa rimu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likikosa mizani, gari linatetemeka makalioni kama lina homa. Hapo anaitwa injinia, injinia anasema ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, imekwisha, mwenye gari anakaribia kulia, na bei inaporomoka. Jioni udongo unabanduliwa. Kesho yake gari linauzwa Ohrid kwa bei ya gari zima.

"Za asubuhi, shangazi!"

Dafina alikuwa anamenya pilipili, mikono myeusi hadi viwikoni. Juu, kwenye roshani ya jirani, Rajna alikuwa anakoroga sufuria.

"Nzuri, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya gari? Basi nikwambie ukweli kabla hujaligusa, hilo gari huko nyuma..."

"Usiniambie kitu, shangazi," Gligor akamkatiza, mkono kifuani. "Usijisumbue na habari za vyuma. Mimi magari huniambia yenyewe."

"Lakini marehemu Kuzman aliwahi..."

"Mungu amlaze pema. Niletee funguo tu."

Dafina akamwangalia, akapangusa mikono, akaingia ndani. Gligor akachuchumaa nyuma ya gari, akafanya yake, akasimama akikung'uta magoti kwa uchaji. Dafina alikawia kurudi. Alipotoka mlango wa pembeni alisimama kwanza chini ya roshani, akanong'ona na Rajna, mambo ya pilipili bila shaka. Alipofika kwenye gari macho yake yalikuwa yamebadilika kidogo. Gligor akaona ni majonzi ya ujane, akamhurumia kwa kiasi kisichodhuru biashara.

Akamkalisha kiti cha nyuma, wakashika barabara ya Prilep. Hawajamaliza nyumba za mji, nyuma kukaanza kutikisika. Kwa kawaida udongo ulihitaji mwendo zaidi ya huo. Gligor akajipongeza: leo donge limekaa mahali pake.

"Shangazi, unasikia nini huko?"

"Nasikia kama nimekalia cherehani."

"Na huku usukani umetulia tuli. Ungecheza usukani, tungesema ni magurudumu ya mbele. Lakini kinachocheza ni kiti." Akashusha pumzi kama daktari aliyezoea kuzika. "Ni ekseli."

"Ekseli! Masikini! Inauma?"

"Inaua, shangazi."

Wakarudi uani, na injinia akaitwa. Jina lake Sotir, na alikuja amevaa koti jeupe la bucha ya shemeji yake, lililofuliwa vizuri isipokuwa kwenye mkono mmoja. Akapiga jeki, akainua nyuma ya gari, akazungusha gurudumu polepole kwa mkono. Gurudumu likayumba kushoto, likayumba kulia, kama mlevi anayetafuta mlango. Sotir akaacha kutabasamu.

"Imepinda," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, injinia, shangazi asikie!"

"Gligor, imepinda."

"Unaona, shangazi? Injinia mwenyewe karibu analia!"

Sotir akamkanyaga mguu. Gligor naye akamkanyaga.

"Imepinda kweli," Sotir akasema kwa meno yaliyobanwa. "Kweli kweli. Naapa kwa mama yangu."

Gligor alifurahi mpaka akaona haya. Miaka yote hii alikuwa anampunja mtu mwenye kipaji kama hiki! Akaazimia kumwongezea fungu lake, si leo, siku moja.

"Haiwezi kubadilishwa?" Dafina aliuliza.

"Ekseli ya gari hili? Uitafute kwenye vyuma chakavu vya Skopje mpaka viatu viishe soli. Na ukiipata, fundi atakula kuliko gari lenyewe."

Dafina akatikisa kichwa. "Basi mimi pesa sitaki. Nataka kigari cha kunifikisha Resen kwa dada yangu, msimu huu wa matufaha. Kile chako pale nje kinakwenda?"

Moyo wa Gligor ukaruka. Kigari kile cheupe aliachiwa na mama yake. Ndicho kitu pekee alichokipata bila kumdanganya mtu, na alikitunza kama mtoto mchanga. Akakitazama. Akalitazama la buluu, lenye thamani ya vigari vitatu vya aina ile, likimngoja na viti vyake vya ngozi.

"Shangazi, unanitoa roho. Lakini kwa heshima ya marehemu, sawa."

"Subiri kwanza!" Rajna akapaza sauti kutoka roshani. "Isije kesho ukasema ulifichwa. Unajua kwamba ekseli imepinda?"

"Mama wewe, si mimi niliyegundua?"

"Na unalichukua hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, na Mungu shahidi!"

Wakanywa rakija, pombe kali ya matunda, wakaenda kubadilisha hati za magari. Mchana bado mbichi, Gligor, Sotir akiwa kando yake, akasimamisha la buluu nje ya mji, akabandua udongo, akauweka mfukoni, akakanyaga mafuta huku akiimba.

Gari likatikisika.

Akasimama. Akapapasa rimu zote nne, akalala chali barabarani kwa suruali yake ya kutokea. Akaendesha tena. Likatikisika mpaka wimbo ukamkatikia kinywani.

"Nilikwambia," alisema Sotir.

"Si ulikuwa unaigiza!"

"Nimejifunzia wapi kuigiza? Mimi gereji nilifukuzwa kwa kuwaambia wateja ukweli!"

Waliporudi uani, Dafina alikuwa ameshakaa ndani ya kigari cheupe, anasogeza kiti mbele.

"Shangazi, umenitapeli!"

"Mimi? Kuzman alitumbukia mtaroni akitoka Ohrid, ekseli ikapinda. Kila mteja nilimwambia, kila mteja akakimbia. Wewe ukanifunga mdomo."

"Halafu nikakuona unabandika kitu gurudumuni," Rajna akadakia toka juu, mwiko mkononi. "Nikamwambia Dafina. Tukasema, kama mtu anataka kwa moyo wote gari linalotikisika, sisi ni nani hata tumnyime?"

"Naenda polisi!"

"Nenda, mwanangu," alisema Dafina. "Uwaeleze vizuri na habari za udongo."

Gligor akafungua mdomo ule uliomlisha maisha yake yote, na hakukuwa na kitu ndani. Akaketi kwenye kizingiti, kati ya maganda ya pilipili.

Dafina akawasha kigari. Kikanguruma taratibu, hata mitungi ya pilipili aliyopanga kiti cha nyuma haikugongana. Akateremsha kioo.

"Usikate tamaa namna hiyo. Kuzman alinunua ekseli nyingine, mpya, akafa kabla hajaifunga. Iko bandani, bado imepakwa grisi yake ya kiwandani. Ungekuwa mtu wa kusikiliza, ningekupa bure pamoja na gari."

Gligor akainua kichwa. "Na sasa?"

"Sasa panda kwa Rajna mzungumze bei. Nimemwachia yeye, mimi nina huruma sana."

Akaingiza gia, akatoka taratibu langoni.

Sotir akavua koti la bucha, akalikunja. "Nunua tu," alisema. "Hiyo haitakuwa imepinda."