Kadi ya Krismasi na Salamu Zangu Ndefu

Leo nimeumbuka, wenzangu. Mimi Bi Rukia wa mtaa wa Kuze, ambaye mtoto hapiti mlangoni kwangu bila kuamkia!

Mwamjua Mama Neema, aliyekuwa mpangaji wangu ghorofani mpaka akahamia Voi na watu wake mwaka huu. Yeye Mkristo, mimi Muislamu. Idd, sahani yangu ilipanda ngazi na biriani. Krismasi, sahani ilirudi na kuku na chapati. Sasa ngazi kimya.

Kila akipiga simu huuliza, "Bi Rukia, walala na nani humo ndani?" Nami humwambia nyumba imejaa tele. (Imejaa. Paka wawili.) Sitaki kuonewa huruma.

Basi leo nikasema nimpelekee kadi. Mjukuu wangu wa Nairobi alinitilia kwenye simu ile mashine ya kuchora. "Nyanya, andika tu unachotaka, itachora." Haya. Lakini mimi simuombi mtu kitu bila kumsabahi! Nikaandika:

"Sabalkheri. Wajionaje hali? Mimi alhamdulillahi, ila niko peke yangu, wanangu wako mbali. Jioni naketi barazani natazama njia, hapana ajaye. Tuyaache hayo. Naomba kadi ya Krismasi ya furaha, mti wenye taa, na sahani yangu ya maua ya buluu."

(Sijui kwa nini niliyasema yote. Mashine ilikuwa kimya, yaningoja. Siku hizi nani amngoja mtu amalize?)

Picha ikaja. Miwani iko jikoni. Nikaona taa, nikaona mti, nikaona buluu. Mashallah! Nikamtumia Mama Neema, nikaitia na kwenye kundi letu la wanawake wa mtaa. Chini nikaandika: "Krismasi njema. Hivi ndivyo tulivyo huku, tumejaa tele."

Kundini Bi Asha wa Ndia Kuu akauliza, "Nani kafa?"

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Mama Neema.

"Bi Rukia, huyu ni nani?"

"Nani yupi?"

"Huyu bibi wa buibui. Kaketi barazani peke yake, atazama njia. Sahani ya buluu iko mapajani, tupu."

Nikakimbilia miwani. Lahaula! Mti wang'aa nyuma, na mimi mbele kama niliyefiwa. Mashine imezichora salamu!

"Huyo... ni mgeni," nikasema.

"Mgeni, na sahani yako?"

Nikaivua miwani. Mama Neema akasema polepole, "Mamangu, Krismasi twaja. Sote. Hiyo sahani iweke karibu."

Nikamwambia asijisumbue, nauli si mchezo, nikakata simu. (Sahani nimeiosha. Ilikuwa na vumbi, si lolote.)

Basi, mashine musiiamkie. Na musinicheke. Aliyeshindwa kujizuia, aje acheke hapa barazani, nisikie.