Benchi la Bibi Chungwa

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Nimekabidhiwa kabati la chupa hapa maabara! Mimi Mutsinzi, mfagiaji hadi wiki iliyopita, leo mlinzi wa kuvu. Mwenzangu Jean-Berchmans amenuna kama mtu aliyekalia siafu. Kazi hiyo aliitaka yeye. Koti lake jeupe lina mifuko miwili. Langu lina mmoja, tena umetoboka.

Kuvu yenyewe imetoka msituni, kwenye gogo lililoanguka. Chakula chake ni mbao. Mkubwa wetu, Madame Xavérine, anailisha vipande vya mti ndani ya chupa, kisha anavipima aone imekula kiasi gani. Ameitunza miaka mingi. Kaniambia nisifungue chupa, nisizisogeze, nisiziimbie. Hilo la kuimba najua nani kalipeleka.

Lakini jamani, uzuri wake! Rangi ya chungwa lililoiva. Nimeiita Bibi Chungwa. Mvua ikapiga bati mchana kutwa nami nikaitazama, mpaka nikajiona natembea humo ndani, polepole, katika nchi ya machungwa isiyo na mtu wa kunituma. Nikaamshwa na Jean-Berchmans akidondosha ufagio makusudi.

Jumatano, 16 Septemba

Mtaa wa Nyamirambo, hapa Kigali, barazani kwa Mzee Mutabazi, fundi cherehani, baba yake Mwamini. Tangu vyama vingi viingie anashona kofia za kila chama, wala haulizi mtu moyo wake uko wapi. Nikasema ningependa kuwatuma wazee wangu waje kumposa binti. Hakuinua kichwa. Akauliza kama nina kazi. Ninayo! Basi, akasema, nimwonyeshe kwanza kitu nilichofanya mwenyewe. "Mikono, si mudomo," akaongeza.

Mwamini alikuwa anashona vifungo. Akacheka, mwanya ukaonekana. Nimerudi nyumbani nikivuka madimbwi bila kuyaona. Viatu vimeyaona.

Mikono yangu haijawahi kushika hata randa. Ila nimegundua kitu: Mzee anakalia kigoda kinacholia, na mgongo unamuuma.

Ijumaa, 18 Septemba

Wazo! Limenijia nikisinzia mbele ya kabati. Vipande vya mti alivyokula Bibi Chungwa vina michoro: mistari myeusi inayozunguka na kukutana, mito ya nchi nisiyoijua. Hakuna fundi Kigali awezaye kuchora hivyo. Nitapata benchi jeupe la kawaida, Bibi Chungwa alichore. Nani atasema si mikono yangu? Ni mikono yangu itakayomleta.

Eti anakula mbao. Hata mbuzi hula, lakini akishiba huacha.

Nimefungua chupa. Kidogo tu. Kisha zote, kidogo tu, nimchague mwenye afya. Nimetoka naye ndani ya soksi. Jean-Berchmans akauliza mguu wangu umevimba nini. Nikamwambia ni mbu wa mtaani kwetu Kabeza, hawana adabu. Sasa benchi nililonunua limelala nyuma ya nyumba yangu, na Bibi Chungwa juu yake, chini ya magunia mabichi.

Jumapili, 1 Novemba

Nimefunua magunia. Sikupumua. Mito, vilima, mawingu! Na Bibi Chungwa amechanua kila mahali, masikio madogo ya rangi ya chungwa yakisikiliza. Nikakaa matopeni nikaota: Mwamini upande huu wa benchi, mimi upande ule, wajukuu wa Mzee katikati.

Nimekwangua masikio ya juu. Ya chini ya benchi nimeyaacha, roho imekataa.

Jumamosi, 7 Novemba

Ushindi! Majirani wote walijaa barazani nilipolikabidhi benchi. Mzee Mutabazi akapitisha kiganja juu ya ile mito. Akauliza nani alinifundisha. Nikainamisha macho, kama wafanyavyo watu wakubwa. Akalisifu hata kwa wepesi wake: binti anaweza kuliinua kwa mkono mmoja! Wazee wangu waje Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Mwamini kaninong'oneza kwamba benchi linanuka msitu. Akasema anapenda. Mungu wangu.

Jumatatu, 16 Novemba

Msiba. Chupa zote zimeingia ukungu wa kijani! Bibi Chungwa amekufa katika kila moja. Madame alisimama mbele ya kabati akalia bila sauti, machozi yakashuka mpaka kwenye koti. Ukungu huingia chupa ikifunguliwa, akasema, nani kafungua? Akamtazama Jean-Berchmans, maana huwa anakula mkate maabara. Mimi pia nikamtazama Jean-Berchmans.

Kisha akasema: bila kuvu hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna kazi kwa yeyote kati yetu. Na bila kazi, hakuna Mwamini.

Lakini Bibi Chungwa yu hai bado. Najua aliko. Amekaliwa na Mzee Mutabazi.

Jumanne, 17 Novemba

Zawadi iliyotolewa mbele ya majirani hairudi kwa mtoaji. Kuidai ni kumwambia mtu hafai kuwa mkwe. Basi sikuidai. Nimeingia chini ya benchi na kisu kidogo, nikidai nimeangusha kifungo, Mzee akiwa juu anashona.

Kulikuwa kuzuri huko chini! Rangi ya chungwa kila nilipotazama, cherehani ikinguruma juu kama mvua ya mbali. Nikajisahau. Nikasinzia.

Nimeamshwa kwa kuvutwa mguu. Mwamini alishika mguu, Mzee alishika kisu. Mzee akafoka, "Yewe! Kitu ulinipatia, sasa unakikata?" Nikasema nakiongezea michoro. Akakitia kisu mfukoni mwake, akarudi kwenye cherehani. Nimeondoka mikono mitupu.

Jumatano, 18 Novemba

Nimemwambia Madame ukweli, yaani nusu yake: kwamba nimeona kuvu kama yetu chini ya benchi moja Nyamirambo. Hakumaliza kunisikiliza. Tukafika naye, na Jean-Berchmans kabeba boksi la chupa.

Madame akapiga magoti mbele ya benchi. Mzee Mutabazi akadhani anamwamkia yeye, akaona haya, akasogea ampishe akae. Madame akakataa kwa upole. Mzee akasisitiza. Mgeni hasimami kwa watu! Madame, anayeijua kuvu hiyo kuliko anavyomjua mama yake, akalitazama benchi, akamtazama mwenye nyumba, akaona ni heri kuanguka kuliko kumdharau mtu barazani kwake. Akakaa. Mzee akamwita na Jean-Berchmans.

Halikupasuka kwa kishindo. Lilishuka taratibu, likahema kama mkate uliokandamizwa, na wote watatu wakawa chini, kofia za vyama vyote zimewaangukia vichwani. Mzee akapata kofia ya chama cha Jean-Berchmans na Jean-Berchmans akapata ya chama cha Mzee.

Madame alicheka! Alikumbatia vipande, akavifunga kwenye kitenge. Kisha akanigeukia akauliza, kwa upole ulioniumiza, soksi yangu ilikuwa ya rangi gani. Kumbe uzi wake umenasa kwenye ubao.

Ijumaa, 20 Novemba

Utafiti umeokoka. Jean-Berchmans ndiye mlinzi wa kabati. Mimi nimerudishiwa ufagio. Wazee wangu wameambiwa wasije. Mzee kasema posa itazungumzwa siku nitakayoleta kitu kinachosimama.

Nimelia nikifagia. Sifichi. Mwamini kapita njiani akanipa kofia iliyobanwa na benchi, ikapoteza umbo. Akasema baba yake bado anaisimulia ile mito kwa kila mteja. Na kwamba yeye anaweza kungoja, ila nisimfanye azeeke.

Jumatatu, 30 Novemba

Nimejifunza. Kosa lilikuwa benchi! Benchi hukaliwa. Mtu mwenye akili huchagua mbao isiyokaliwa na yeyote.

Leo Madame kaleta kuvu mpya. Nyeupe, ndogo, inakula mbao vilevile, lakini, ewe Mola, kabatini gizani inang'aa! Mwanga wa kijani, mwororo, kama mwezi umevunjika ukadondokea chupani. Nilisimama na ufagio wangu mpaka Jean-Berchmans akafunga mlango na mimi ndani. Sikugonga.

Umeme unakatika Nyamirambo kila mara. Mzee Mutabazi hulalamika anashona gizani. Nami nakumbuka vizuri, tangu siku ile nilipovutwa mguu nikalala chali kumtazama: baraza lake halina dari. Boriti zote za mbao ziko wazi. Nyota juu ya kichwa cha baba mkwe!

Soksi hii ni mpya. Haitoi uzi.