Pilipili Yangu Imehukumiwa Bila Kuonjwa

Leo nimefedheheka, na anayewajibika ni shemeji yangu Mwenda. Nataja jina mapema ili baadaye kusiwe na utata.

Mnajua kwamba tangu nistaafu kazi ya masjala nalima pilipili ya kunukia hapa Kianjai. Kwa sura ni pilipili mbuzi kabisa: ndogo, nyekundu, imejikunja kama kofia iliyokaliwa. Kwa tabia ni mpole. Inanukia kama pera bivu na haimwashi hata mtoto. Nimelieleza hili msimu mzima, na msimu mzima Mama Gacheri, msimamizi wa jiko la kanisa, amekataa kuitia katika mchuzi. Husema nataka kuwaua watoto wa shule ya Jumapili. Hatimaye alikubali nilete kikapu kimoja leo. Ikimridhisha, itaingia katika chakula cha wageni wa kanisa keshokutwa. Isipomridhisha, nisimtajie tena.

Asubuhi nilikuwa napiga suti pasi (jambo kama hili haliendewi kwa sweta), kwa hiyo nikamtuma Mwenda shambani akachume zile zisizowasha. Matuta ni mawili tu, na kila tuta lina kibao.

Tulipofika jikoni, Mama Gacheri aliinua moja kwa vidole viwili, akaigeuzageuza.

"Mzee, hii ni pilipili mbuzi."

Nilimjibu kwamba sura si ushahidi. Akina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaacha kumenya.

"Haya basi," akasema. "Kula moja tukuone."

Nilichagua iliyo kubwa kuliko zote. Sikuimega. Niliitia mdomoni nzima, nikatafuna polepole, kwa dharau, kisha nikaanza: "Kama mnavyojionea, akina mama..."

Sentensi hiyo haijakamilika hadi sasa.

Kwanza masikio yaliziba. Yakafuata machozi, kamasi, na sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Nikanywa maji, nayo yakausambaza moto hadi kooni. Nikaanguka kwa magoti mbele ya mtungi wa maziwa lala, mikono juu, nikiomba kikombe kwa ishara.

Hapo ndipo mchungaji alipoingia. Kwa miaka mingi amenisihi nije mbele nitubu, nami kila mara humjibu kwamba faili yangu haina dosari. Sasa akanikuta nimepiga magoti, nalia, ulimi nje. Akaniwekea mkono kichwani.

"Acha yatoke, Mzee," akasema. "Yatoke yote."

Wawili kati ya akina mama wakaanzisha pambio. (Waliobaki walikuwa wameegemea meza, hawajiwezi kwa kicheko.)

Ulimi uliporudi kazini, nilimuuliza Mwenda amechuma tuta gani. Alijibu bila wasiwasi wowote.

"La P.M., shemeji. Pilipili Mboga. Ile P.K. nikaona ni Pilipili Kali, nikaiacha."

P.M. ni Pilipili Mbuzi, tuta la mke wangu. P.K. ni Pilipili ya Kunukia. (Vibao niliviandika mimi, nakiri. Lakini masjala nzima iliishi kwa vifupisho vyangu, na hakuna faili iliyowahi kumchoma mtu.)

Niliyaeleza haya yote. Mama Gacheri alinimiminia maziwa mengine, akasema kwamba amesikia, na kwamba kikapu kirudi nyumbani. Wageni watakula nyama kwa chumvi. Mchungaji naye ameshaniandika katika orodha ya watakaotoa ushuhuda Jumapili, na ananiambia nisione haya.

Kwa hiyo natoa madai rasmi. Uamuzi wa jiko usitishwe, kwa kuwa pilipili yangu haikuonjwa kamwe. Imeadhibiwa kwa kosa la nyingine. Mchungaji alifute jina langu. Na Mwenda afike jikoni kesho saa nne kamili, ale pilipili ya P.K. nzima mbele ya mashahidi wale wale, kisha aeleze kwa maandishi kwa nini mtu aliyeona herufi asizozielewa hakuuliza. Hadi maelezo hayo yapokelewe, yeyote atakayecheka atahesabiwa kuwa mshirika wake.