Chupa ya Kijani ya Mzee Kazungu

Jumatatu, 4 Agosti
Hili sijamwambia mtu, na Mungu mwenyewe nimemwambia nusu: bia ya Kaka Masha nimeionja mimi. Ile ya Ujerumani, chupa ya kijani, aliyopewa na bosi wake, mhandisi anayemwendeshea gari. Ameiweka juu ya kabati aipeleke ukweni Kulesa.

Kosa ni la Mitchelle. Darasani yeye huongea, mimi huitikia kwa kichwa. Anajigamba eti aliionja Malindi, tamu kama asali. Leo nikachoka. Nikaking'oa kizibo kwa kijiko.

Asali gani! Chungu kama mwarobaini! Nikatemea dirishani, chupa ikaniponyoka. Haikuvunjika. Ikamwagika yote.

Jumatano, 6 Agosti
Akili ninayo! Chai ya strungi iliyopoa, ukwaju, magadi kidogo, vyote chupani. Povu likapanda, nikajipigia makofi. Kizibo nikakirudisha kwa mchi. Nani atajua? Mzee Kazungu, mkwe wetu mtarajiwa, hajaonja bia ya ng'ambo tangu azaliwe.

Jumamosi, 9 Agosti
Kulesa. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Kigiriama analijua: kinywaji cha ukweni huonjwa kwanza na aliyekileta, wenyeji waone hakina sumu. Kaka akaonja pombe ya mnazi tuliyoileta, sawa. Mzee akainyooshea kidole chupa. Na hii ya wazungu je, mwanangu, au unaiogopa?

Kaka akapiga funda. Macho yakamtoka. Akitema, ameleta sumu, na Mbeyu, mchumba wake, ndiyo basi. Akanitazama. Nikatazama kuku. Akameza. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekabwa, kwamba ni nzuri sana.

Mzee akanywa. Kisha akabeua, kubeua kurefu mpaka kina shangazi wakageuka. Akatangaza kuwa tumbo lililomjaa tangu Pasaka limetulia. Mbeyu tumepewa! Ila siku ya harusi anataka kreti nzima.

Jumapili, 10 Agosti
Kaka hakunipiga. Aliuliza tu: Kanze, msichana mzima, ulitaka nioe au nizikwe? Kreti ya Mzee nitaipika mimi, hiyo ndiyo adhabu yangu. Nimeapa kwa Biblia sigusi tena chupa ya mtu.

Lakini leo mhandisi amempa nyingine. Nyeusi, ya Ubelgiji. Kaka ameificha kwenye pipa la unga, kana kwamba anayesonga sima hapa ni yeye. Sasa, mpishi ataboreshaje pishi lake bila kuonja ya wenzake? Funda moja tu. La kazi. Tena Mitchelle ya Ubelgiji hajaifikia. Kizibo nimeshakilegeza na

Hatua mlangoni. Viatu vya Kaka! Daftari chini ya godoro, chupa